Kabla ya Kufuta

Ofisi ya chama cha ushirika ipo Kanyenye,
feni mbili, moja nzima.
Saa tatu usiku nimebaki mimi na seva
na harufu ya tumbaku iliyoingia kwenye karatasi
kabla sijazaliwa. Haitoki.

Kazi niliyopewa: futa jedwali la MIZANI_KUUKUU.
Meneja alisema, "Nyanzala, hilo ni gofu,
linakula nafasi bure, halina mwenyewe."
Mistari laki mbili na ushei:
jina, kijiji, kilo, daraja la jani, deni la mbolea.
Safu nne za mwisho zinaitwa tu X1 hadi X4,
na aliyejua maana yake amezikwa Ndala.

Zamani tulifuta kwa mkono.
Amri moja, kidole kimoja, kwisha habari;
kesho yake Urambo wanapiga simu,
malipo hayatoki, na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa tuna zana. Ukiiambia futa, haifuti.
Kwanza inazunguka mfumo mzima
ikibisha hodi mlango kwa mlango:
Hapa mnamtumia huyu?
Na nyie? Na nyie wa uani?
Ndipo inarudi na orodha.

Tegemezi zilizopatikana: moja.

Ripoti namba arobaini na saba, tawi la Sikonge.
Husomwa kila siku ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri.

Nikampigia karani wa huko nyumbani kwake.
Lusangija akapokea huku anatafuna.
"Ndiyo, mie huichapa."
"Anaisoma nani?"
"Naitoboa, naiweka kwenye faili la kijani."
"Tangu lini?"
"Tangu printa za utepe."
"Nani alikuambia uichape?"
Akameza kwanza.
"Hakuna aliyeniambia niache."

Nilicheka, peke yangu, mpaka mlinzi akachungulia.
Kitufe cha LAZIMISHA kipo, chini kulia, chekundu.
Faili la kijani Sikonge lisingemuua mtu.

Lakini mwaka ule, nipo darasa la nne,
orodha ilibandikwa ukutani pale karakana ya reli
kwa uji wa muhogo.
Chapa ya kaboni, kila herufi e imejaa wino.
Neno lao lilikuwa "kupunguzwa",
kana kwamba mtu ni chumvi.
Baba alikuwa namba mia na kumi na mbili.

Hakuna aliyepita Ng'ambo akibisha hodi:
Hapa mnamtegemea huyu?
Tungemjibu.
Bibi angejibu, kwa vidonge vyake vya presha.
Mihayo, aliyekuwa amebakiza muhula mmoja chuoni.
Mama Siwema wa dukani, na daftari la mkopo
ambalo kurasa tatu nzima ni jina letu.
Mimi kwa sketi ya shule,
ile iliyoteremshwa pindo hadi pindo likaisha.
Hata filimbi ya saa moja ingejibu:
miaka sita baba aliamka nayo,
akavaa viatu, akafunga kamba,
akakaa ukingoni mwa kitanda.
Hakuna aliyemwambia aache.

Zana inasubiri. Mshale unapepesa.
Inanipa njia nyingine: weka kando siku tisini.
Jedwali linafichwa, halifutwi;
mwenye kulihitaji atapiga kelele, na kelele itasikika.
Siku tisini. Mtu angeweza kufanya mengi
kwa siku tisini. Kuuza baiskeli kwa bei nzuri,
si kwa bei ya aliyebanwa.

Nikachagua hiyo.
Kikafunguka kisanduku cheupe:
Eleza sababu, herufi zisizidi mia mbili.
Nilianza kuandika mambo ya ukaguzi, ya sera, nikayafuta.
Nikaandika: Bado hatujamwambia Lusangija.

Kisha nikazima ile feni nzima.